Kufundisha Pesa Katika Sekondari ya Kutwa: Mwongozo wa Wiki Kumi kwa Mwalimu wa Nairobi

Mwaka mmoja nilikuwa nafundisha riba na ununuzi wa kulipa kidogo kidogo katika Kidato cha Tatu, mada iliyomo kwenye silabasi ya hisabati. Msichana mmoja wa dawati la mbele alimaliza maswali yote manane kabla ya wenzake. Kengele ilipolia alibaki nyuma, akanipa kipande cha karatasi alichonakilia ujumbe wa simu ya mama yake: kiasi cha mkopo, tarehe, kiasi cha kurudisha. "Mwalimu, hapa mama anakatwa pesa ngapi hasa?" Hesabu hiyo ilikuwa rahisi kuliko swali la kwanza ubaoni. Hakuitambua kwa sababu ubaoni ilikuja na mkulima anayenunua trekta, na nyumbani ilikuja na jina la mama yake.

Ninafundisha shule ya kutwa ya umma huku Eastlands. Watoto wetu hawahitaji kuhubiriwa kwamba akiba ni nzuri. Wengi wao hutumwa dukani na shilingi hamsini za chajio cha watu watano na wanarudi na chajio. Wanachokosa ni kuitambua hesabu inapowajia bila jina la hesabu: kwenye kipimo cha mafuta, kwenye ada ya kutoa pesa, kwenye mkopo wa simu, kwenye mechi tano za Jumamosi. Mwongozo huu ni wa kuwafundisha hilo kwa wiki kumi, kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki, bila bajeti na bila mgeni wa kutoka benki.

Hatua ya 1: Tafuta kipindi, na umweleze mwalimu mkuu mapema

Usisubiri somo jipya liletwe kutoka juu. Maarifa ya fedha yametajwa katika mtaala wa umilisi kama mojawapo ya masuala mtambuko, kwa hiyo unayo ruhusa ya kuyaingiza popote yanapofaa. Tangu Januari 2026 shule nyingi zina Gredi ya 10 upande mmoja, na upande wa pili Kidato cha Tatu na cha Nne, madarasa ya mwisho ya mfumo wa zamani wa 8-4-4, utakaomalizika mwaka 2027. Kwa Gredi ya 10 mimi hutumia saa za vilabu alasiri. Kwa Kidato cha Tatu naunganisha na hesabu za biashara, kwa sababu riba, kodi ya mapato na ununuzi wa awamu tayari zimo.

Mweleze mwalimu mkuu mambo mawili waziwazi. La kwanza, hakuna pesa halisi itakayokusanywa kutoka kwa mwanafunzi yeyote, hata shilingi kumi. Kila kitu ni daftari na maharagwe. Mwalimu anayekusanya mchango wa "chama cha darasa", hata kwa nia safi, anajitafutia kesi, na mtoto asiyekuwa na hiyo kumi atakosa shule siku ya kipindi chako. La pili, hakuna kampuni itakayoalikwa kuja na fulana za bure. Nimeona wageni wa aina hiyo. Wanafundisha dakika kumi, kisha dakika thelathini wanaeleza jinsi ya kufungua akaunti kwao.

Hatua ya 2: Unda familia ya kubuni kabla ya kutaja pesa ya mtu yeyote

Usiruke hatua hii hata kama muda ni mfupi. Katika darasa moja la Nairobi utakuwa na mtoto ambaye kodi ya nyumba imelipwa hadi Desemba, na mwingine ambaye mlango wao ulifungwa kufuli na mwenye ploti wiki iliyopita. Ukiuliza "nyumbani kwenu mnatumia pesa ngapi kwa chakula?" nusu ya darasa itadanganya na robo itanyamaza, na huyo mwenye kufuli hatakuja kipindi kijacho.

Kwa hiyo siku ya kwanza darasa zima linaunda familia. Wao ndio wanaamua. Darasa langu la mwisho liliweka familia yake mtaa wa Kayole, chumba kimoja. Mama anauza mboga, anaamkia soko la Marikiti saa kumi alfajiri. Baba anafanya mjengo, siku zingine kuna kazi, siku zingine hakuna. Watoto watatu, mmoja yuko sekondari, na nyanya yuko mashambani anayetumiwa kitu kila mwezi. Walibishana robo saa kuhusu nyanya atumiwe ngapi. Wacha wabishane, kwa sababu humo ndani wanasema ya kwao bila kujitaja.

Andika mapato ya familia hiyo kwa siku, si kwa mwezi. Vitabu vingi vya bajeti huanza na mshahara wa mwisho wa mwezi, na wanafunzi wetu wengi hawajawahi kuuona. Mpe baba siku nne za kazi wiki hii na siku mbili wiki ijayo. Mpe mama siku moja ambayo mvua ilinyesha na mboga zikaoza. Bajeti ya mtu wa kibarua ni kitu kingine kabisa: swali lake la kwanza ni nini kilipwe leo na nini kingoje bila kuleta maafa. Wape orodha ya kodi, unga, nauli, tokeni za stima, maji ya mtungi, chakula cha mchana cha shule, dawa ya mtoto, na wapange kipi kinaweza kungoja siku tatu. Stima inangoja. Dawa haingoji. Kodi inangoja hadi tarehe fulani, kisha haingoji tena. Mpangilio huo wa muda ndio bajeti yao.

Hatua ya 3: Watume wakakusanye bei, kisha pimeni

Wiki ya pili na ya tatu ni za kadogo, yaani kununua kwa vipimo vidogo vidogo, na nazipenda kuliko zote. Kila kundi la wanafunzi watano linapewa bidhaa mbili. Wanauliza bei ya pakiti kubwa na bei ya kipimo kidogo katika duka la mtaa wao: mafuta ya kupima, sukari ya kufungwa kwenye karatasi, unga wa nusu kilo, sabuni ya kukatwa, maji ya mtungi wa lita 20. Waambie wawe na adabu kwa mwenye duka, waeleze ni kazi ya shule, na wasiende saa za wateja wengi.

Mafuta yalete darasani. Wewe mwenyewe nunua kipimo cha shilingi 20, uazime silinda ya kupimia kutoka maabara ya kemia, umimine mbele ya darasa. Darasa zima litasimama kuangalia. Tuseme kipimo kimetoka mililita 50. Hapo lita moja kwa njia ya kadogo ni shilingi 400. Tuseme pakiti ya lita moja dukani humohumo ni shilingi 320. Tofauti ni shilingi 80 kwa lita, na familia yetu ya Kayole ikitumia mililita 100 kwa siku, inamaliza lita tatu kwa mwezi, yaani shilingi 240 zimepotea. Tumia bei halisi walizoleta, hizi zangu ni za kuonyesha njia tu.

Sasa kuwa mwangalifu. Mwalimu asiyefikiri atamaliza kipindi kwa kusema, "Mmeona? Mnunue pakiti kubwa." Mimi nilisema hivyo mara ya kwanza. Mvulana mmoja akainua mkono, akaniuliza: "Mwalimu, hizo mia tatu na ishirini ukizitoa leo zote, unga unanunua na nini?" Darasa likanyamaza, na mimi pia. Alikuwa sahihi. Mtu wa kadogo anajua hesabu. Anachonunua kwa zile shilingi 80 za ziada ni uhakika kwamba leo jioni kutakuwa na mafuta na unga na mboga kwenye sufuria moja. Hiyo ni gharama ya kukosa kitita, na inafaa ipewe jina lake darasani bila kumwaibisha mama wa mtu.

Baada ya kukubali hilo, ndipo uulize swali lenye manufaa: kitita kitatoka wapi? Wanafunzi wenyewe watakupa majibu. Akina mama wanne wa ploti moja wananunua dumu la lita 20 na kugawana. Mama mboga anaomba mwenye duka amwekee pakiti, naye anamaliza kuilipa kwa siku tatu. Anayepata kazi ya siku nne mfululizo ananunua kitu kimoja tu kwa wingi, kile chenye tofauti kubwa zaidi, na kuacha vingine vikiwa kadogo. Kazi ya kikundi wiki ya tatu ni kupanga bidhaa zote kwa tofauti ya bei, kubwa hadi ndogo, na kuchagua moja. Mara nyingi zaidi ya nusu ya faida yote hutoka kwenye bidhaa moja au mbili.

Hifadhi orodha hiyo ya bei, tutairudia.

Hatua ya 4: Ada za simu

Kipindi kimoja kinatosha. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo nakili mwenyewe bei za M-Pesa zilizobandikwa ukutani kwa wakala aliye karibu na lango la shule, uziandike ubaoni. Hakikisha ni za sasa, kwani hubadilika serikali ikigusa ushuru.

Swali la kwanza: mama ana shilingi 600 kwenye simu. Akitoa 200 Jumatatu, 200 Jumatano na 200 Ijumaa, anakatwa 29 kila mara, jumla 87. Akitoa zote mara moja anakatwa 29. Tofauti ya shilingi 58 ni sukuma wiki ya siku kadhaa. Swali la pili ni gumu zaidi: kwa nini basi watu hutoa mara tatu? Kwa sababu pesa ikiwa mfukoni huombwa na huisha, na ikiwa kwenye simu inajificha. Waache wapime kama kujificha huko kunafaa kulipiwa shilingi 58. Wengine watasema ndiyo, na wana sababu zao.

Hatua ya 5: Mkopo, maswali matatu

Wape maswali haya matatu wayaandike kwenye jalada la ndani la daftari, na wayakariri. Inaingia ngapi mkononi? Inarudi ngapi, na lini? Nikichelewa, nini kinatokea?

Chukua mifano halisi. M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ya simu, ilipoanza Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa shilingi 1,000 hiyo ni 75, na darasa litasema ni kidogo. Sasa mfanye mama wa familia yetu akope 1,000 Januari, alipe 1,075, akope tena siku hiyohiyo, hivyohivyo hadi Desemba. Amelipa ada ya shilingi 900, na bado anadaiwa 1,000 ileile. Chora mistari kumi na miwili ubaoni, mwezi kwa mwezi, usiharakishe. Mwezi wa nane hivi utasikia mtu akivuta pumzi. Kisha linganisha na Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Shilingi 1,000 kwa siku 14 inazaa takriban shilingi 3. Mwanafunzi makini atauliza kwa nini basi anayekopa 1,000 huko anaona 950, na jibu ni kwamba asilimia 5 hupelekwa kwenye akiba yake mwenyewe. Ndiyo maana swali la kwanza ni "inaingia ngapi mkononi".

Swali hilo la kwanza ndilo linalofichua mikopo mibaya. Wape huu wa kubuni: programu ya simu inasema mkopo ni 1,000 kwa siku saba. Inakata 150 mbele, unapokea 850, unarudisha 1,000. Wanafunzi wengi watagawanya 150 kwa 1,000 na kusema asilimia 15. Hapana. Ulichopata ni 850. 150 kwa 850 ni zaidi ya asilimia 17, tena kwa wiki moja. Wape tatu nne za aina hii hadi mkono uzoee.

Kwa swali la tatu, eleza CRB bila kuwatisha. Ni mashirika yanayoweka rekodi ya nani alilipa na nani hakulipa, na kwa kanuni za 2020 deni la chini ya shilingi 1,000 halipaswi kumharibia mtu jina huko. Waeleze pia kwamba tangu 2022 kampuni za mikopo ya kidijitali zinatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na hazina ruhusa ya kumtukana mdaiwa wala kuwapigia watu walio kwenye simu yake kumwaibisha. Wapo wanafunzi ambao simu hizo ziliwahi kuwafikia wakiwa nyumbani, wakaambiwa mama yao ni mwizi. Ukisema jambo hili kwa upole, bila kutazama mtu usoni, kuna bega litakaloshuka.

Kidato cha Nne wanahitaji kipindi cha ziada kuhusu HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, kwa sababu kwa wengi ndio mkopo wa kwanza mkubwa maishani na wanautia saini wakiwa na furaha ya barua ya chuo. Riba ya shahada ya kwanza imekuwa asilimia 4 kwa mwaka kwa muda mrefu, nafuu kuliko karibu mkopo wowote mwingine nchini. Hatari iko kwenye kunyamaza: faini ya kutolipa ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Asiyekuwa na kazi baada ya kumaliza chuo aandike kuwaeleza, asijifiche.

Hatua ya 6: Sarafu ya kubeti

Usihubiri. Wavulana wa Kidato cha Tatu wamesikia mahubiri kuhusu kubeti tangu darasa la saba, na kila mmoja anamjua jamaa wa mtaani aliyeshinda elfu ishirini. Sheria inasema miaka 18, lakini laini ya kaka mkubwa haiulizi umri.

Fanya hivi. Darasa lote lisimame, tuseme wanafunzi 48. Kila mmoja ana shilingi 20 za kubuni kwenye daftari. Mechi ya kwanza: kila mtu aandike kichwa au mkia. Rusha sarafu. Waliokosea wakae. Watabaki kama 24. Rusha tena, kama 12. Tena, 6. Tena, 3. Ukifika ya tano utakuwa na mmoja au wawili wamesimama, na darasa litawashangilia kwa nguvu hadi jirani aje kuuliza kuna nini. Mwache ashangiliwe. Mwambie aje mbele, mwulize alijuaje. Atakupa maelezo: alikuwa anafuata mkia, alihisi, aliona sarafu jinsi ilivyokuwa mkononi mwako. Msikilize kwa heshima. Kisha uulize darasa: kati ya nyinyi 48, ni nani angepigwa picha na kuwekwa kwenye tangazo?

Nyamaza kidogo hapo.

Ndipo hesabu. Kila mechi ya sarafu ina nafasi moja kati ya mbili, kwa hiyo tano mfululizo ni moja kati ya 32. Malipo ya haki yangekuwa mara 32. Lakini kampuni haitoi mara 2.0 ya ulichoweka kwa mechi ya sarafu, tuseme inatoa mara 1.8. Wazidishe 1.8 mara tano wenyewe: inatoka 18.9 hivi. Mshindi wetu wa shilingi 20 anapata 378. Darasa liliweka 960. Zilizobaki, 582, ni za nani? Rudia mchezo mara tano au sita, muweke rekodi. Kuna raundi watashinda watatu na kampuni itapata hasara, na usiifiche, iandike. Kwa wastani wa raundi nyingi kampuni itabaki na karibu 393 kwa kila 960. Waonyeshe pia kwamba kuongeza mechi kwenye tikiti kunazidisha ile sehemu ya kampuni, kwa sababu inakatwa kwenye kila mechi. Hili huwashangaza kuliko yote, kwa maana wengi huamini tikiti ndefu ndiyo ya mjanja.

Mwanafunzi mmoja aliniambia mpira si sarafu, yeye anazijua timu. Nikamkubalia. Nikamwomba aandike ubashiri wake wa mechi tano kila Ijumaa kwa wiki nne, bila kuweka pesa, aje tuuhesabu pamoja. Aliandika wiki tatu. Ya nne hakuleta, na sikumuuliza.

Hatua ya 7: Wezi wa simu na vyama vya upepo

Igizo linatosha. Mwanafunzi mmoja anapiga: "Hujambo dada, nimekutumia elfu mbili kimakosa, tafadhali nirudishie, mtoto yuko hospitali." Mwingine anapokea. Darasa linaamua afanye nini. Hatua sahihi ni tatu: angalia salio mwenyewe badala ya kuamini ujumbe uliotumiwa; usimrudishie wewe mwenyewe; mwambie apeleke ombi kwa kampuni ya simu. Aliyetuma kweli kimakosa hutuma ujumbe wa muamala kwa 456. Ujumbe wa utapeli unapelekwa 333. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata anayejiita wa huduma kwa wateja na kukutaja jina lako lote.

Wenye mama au babu waliokuwa Nairobi mwaka 2007 watakuja na habari za DECI, mpango wa piramidi ulioanguka na akiba za watu wengi. Tumia muundo wake: watu 10 wanaleta watu 10, nao 10 kila mmoja. Ngazi ya saba inahitaji watu milioni kumi, zaidi ya wakazi wote wa kaunti hii. Wahesabu wenyewe, itawachukua dakika mbili.

Hatua ya 8: Chama cha maharagwe

Kila kundi la watu kumi linapata maharagwe. Kila mmoja anachanga kumi kila "mwezi", na mmoja anachukua mia. Dakika tano tu na wamekamilisha mzunguko wa miezi kumi. Kisha mwambie mtu wa pili, kwa siri, atoroke baada ya kupokea. Waache wasuluhishe. Kwa kawaida watagundua wenyewe mambo ambayo vyama vya mama zao viligundua zamani: mgeni asiwe wa kwanza kupokea, kitabu kiwe na saini, mweka hazina asiwe ndiye mwandishi, na kuwe na faini ya kuchelewa. Andika sheria zao ubaoni kwa maneno yao.

Kuhusu mahali pa kuweka akiba, pita haraka. Wajue kwamba benki iliyo na leseni ina bima ya amana ya hadi shilingi 500,000 kwa mwekaji, kwamba Sacco zinazopokea amana husimamiwa na SASRA na leseni zao zinaweza kuangaliwa, na kwamba akaunti yoyote ina ada ya kuulizia kabla ya kusaini.

Hatua ya 9: Karatasi ya mshahara

Mshahara wa 30,000 haufiki 30,000. Asilimia 2.75 inaenda bima ya afya ya SHIF, yaani 825. Asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, 450. Asilimia 6 ya NSSF, akiba ya uzeeni, 1,800. Jumla 3,075 kabla ya kodi ya mapato kuhesabiwa, na hiyo chukua jedwali la KRA, mamlaka ya kodi, la mwaka husika. Fanya hivyo na wanafunzi, kisha waandike bajeti ya kijana wa miaka 22 aliyehamia chumba chake mtaa wa Pipeline na kuahidi kutuma kitu nyumbani. Wengi watagundua wameahidi zaidi ya wanachobaki nacho. Afadhali wagundue kwenye daftari.

Nawaomba walimu wenzangu tutazame pia karatasi zetu wenyewe. Sheria ya ajira ya 2007 inataka makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara, na wengi wetu tumeishi miaka kwenye hiyo theluthi iliyobaki kwa sababu ya mikopo ya kukatwa moja kwa moja. Mimi niliwahi. Nilifundisha riba asubuhi na jioni nikatia saini mkopo ambao sikuuliza hata moja kati ya yale maswali matatu. Niliwaambia wanafunzi hilo, kwa ufupi, bila kutaja nani aliyenikopesha. Baada ya hapo walianza kuleta maswali yao halisi.

Hatua ya 10: Pima bila mtihani, na uache orodha ukutani

Kipindi cha mwisho usitoe alama. Mpe kila mwanafunzi ujumbe mmoja wa simu uliobuniwa, wa mkopo, wa utapeli, au wa ada, amweleze mwenzake wa Gredi ya 10 kwa Kiswahili chake cha kila siku, Sheng ikiwemo, kana kwamba anamweleza nyanya yake kwenye simu. Anayeweza kueleza ameelewa. Anayetumia maneno makubwa ya kitabu, mrudishe kwenye maswali matatu.

Kisha chukua ile orodha ya bei ya wiki ya tatu, uiandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila, uweke tarehe, ubandike ukutani nyuma ya darasa. Usiitoe muhula ukiisha. Darasa la mwaka ujao litakusanya bei zao za mafuta, unga na sukari, waibandike orodha yao kando ya hiyo, na kuanzia hapo una somo la mfumuko wa bei ambalo hukulazimika kuliandaa.